"Motisha imeisha": mtu akiacha mazoezi, ni nini hasa kilichokatika?

Kwenye kundi letu la WhatsApp la wakimbiaji wa Jumamosi, wiki moja hivi baada ya Idi, mwenzetu mmoja aliandika saa nne usiku: "Wakuu, motisha imeisha kabisa. Raba naziangalia tu pale mlangoni. Nifanyeje?" Huyu ni mtu ambaye mwaka jana alikuwa anatuacha nyuma sote kwenye Daraja la Tanzanite.

Majibu yalimiminika. Wa kwanza alimwambia anunue raba mpya. Wa pili: "Acha uvivu, kaka." Wa tatu alituma video ya Mzungu mmoja mwenye kifua kipana akifoka juu ya mlima. Wa nne akamweleza kwamba mwezi mzima umeshafuta kila alichokijenga, kwa hiyo aanze upya na ahakikishe hakosi siku 21 mfululizo, mwili utazoea. Halafu mama mmoja, ambaye huwa haandiki kitu humo ndani zaidi ya "Amina", akauliza: "Kwani ulikuwa unakimbia na nani?" Hakuna aliyemjibu. Ikaja picha ya keki ya birthday, mazungumzo yakahama.

Nimelifikiria sana swali la yule mama. Nadhani yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameuelewa ugonjwa. Wengine tulikuwa tunabishana kuhusu dawa.

Tuanze na neno lenyewe, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Kazini, motisha ni hela: mkurugenzi akisema wafanyakazi watapewa motisha, watu wanafungua kikokotoo cha simu. Kwenye semina, motisha ni bwana wa maikrofoni anayekwambia ugeuke umwambie jirani yako "wewe ni mshindi". Kwa mtu anayeziangalia raba zake mlangoni, motisha ni kitu kingine kabisa. Neno limebebeshwa mizigo mingi, kwa hiyo hapa nitalipumzisha na kutumia mengine manne.

Kuna hamu, yaani kukitaka kitu sasa hivi, kama hamu ya pilau. Inakuja, inaondoka, haibishi hodi. Kuna hamasa, joto linalotoka nje: ngoma, fulana mpya ya kundi, tarehe 1 Januari. Kuna ari, nia ya ndani yenye sababu, kama ya mtu aliyemuuguza baba yake kiharusi na hataki watoto wake waje kumuuguza yeye. Na kuna mazoea, jambo unalolifanya bila kushauriana na nafsi yako, kama kupiga mswaki. Hakuna anayeamka akajiuliza kama leo ana ari ya kupiga mswaki.

Angalia pia jinsi Kiswahili chenyewe kilivyoliweka jambo hili. Mazoezi, mazoea, uzoefu: yote ni watoto wa kitenzi kimoja, kuzoea. Neno letu la kazi hii halikutokana na nguvu wala jasho.

Sasa mrudie mwenzetu. Ari anayo, la sivyo asingekuwa anaandika saa nne usiku kuomba ushauri. Asiye na ari hajali. Hamasa ameshaipata ya kutosha, kila Januari. Hata serikali imewahi kuigawa: mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchi nzima. Nilijitokeza ya kwanza. Nikajitokeza ya pili. Ya tatu nilikuwa na harusi. Hamasa ni petroli iliyomwagwa juu ya mkaa, inawaka kwa kishindo halafu unakuta mkaa wenyewe haujashika.

Kilichokatika kwake ni mazoea. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ambayo ndiyo ilikuwa saa yake ya kukimbia, Ramadhani ilimkuta ametoka kula daku na kuswali, anarudi kulala. Idi ikapita, daku likaondoka, usingizi ukabaki umekalia kiti. Kwa mwingine ni masika, barabara imegeuka mto kuanzia Machi hadi Mei. Kwa mwingine ni mtoto mchanga, malaria, kuhamishwa kituo cha kazi, msiba wa kijijini uliochukua wiki mbili. Sababu ni nyingi, umbo ni moja: saa uliyokuwa umeiwekea mazoezi imepata mpangaji mpya. Unaanza kutafuta ari moyoni, na kumbe kinachotakiwa ni kumtoa mpangaji.

Kabla ya kumtoa, tumshughulikie mjumbe wa nne, yule aliyesema kila kitu kimefutika. Kwa maoni yangu hilo ndilo jibu baya kuliko yote, kwa sababu linaonekana la kisayansi.

Mwaka 1984 Edward Coyle na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya watu saba waliokuwa na mazoezi makali ya pumzi kwa miaka, ambao waliacha kabisa kwa siku 84. Katika wiki tatu za mwanzo, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 hivi. Kufikia siku ya 56 ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16, kisha ukatulia. Na hata hapo walikuwa bado juu ya watu ambao hawakuwahi kufanya mazoezi. Hao walikuwa wamejijenga kwa miaka, kwa hiyo aliyeanza miezi mitatu iliyopita atateleza zaidi. Lakini kuteleza si kufutika.

Mbona basi siku ya kwanza ya kurudi moyo unadunda kama unataka kutoka? Fikiria nyumba yenye pampu na simtank. Ukiacha mazoezi, kitu kimojawapo kinachopungua mapema, ndani ya siku chache tu, ni ujazo wa damu, hasa sehemu yake ya majimaji. Pampu ni ile ile, ila tenki limepungua, kwa hiyo inabidi izunguke upesi zaidi ili maji yafike ghorofani. Unahema, unajiambia umekwisha. Hujaisha. Ujazo huo ni miongoni mwa vitu vinavyorudi haraka, nao pia kwa siku chache, mradi tu uendelee.

Misuli nayo ina habari nzuri zaidi. Mwaka 2010 kundi la Kristian Gundersen, Chuo Kikuu cha Oslo, lilionyesha kwa panya kwamba msuli ukifanyishwa kazi, seli zake huongezewa viini, na kazi ikisimama msuli unasinyaa lakini viini vile vinabaki. Ni kama nyumba iliyosimama kwenye lenta: hela imeisha, nyasi zimeota, lakini mafundi hawajaondoka saiti, wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa wakisubiri saruji. Kwa binadamu, wanasayansi bado wanabishana kuhusu viini hivyo, ila jambo lenyewe aliyewahi kunyanyua vyuma analijua: kilichochukua miezi sita kukijenga hakichukui miezi sita kurudi.

Na tafadhali tuache kusema misuli ya aliyeacha mazoezi "inageuka mafuta". Mchele haugeuki maharage kwa kuwa viko kwenye kapu moja. Misuli inapungua kwa sababu haina kazi, mafuta yanaongezeka kwa sababu sahani haikupungua. Mambo mawili yametokea kwa wakati mmoja, basi.

Kwa hiyo mwili unasubiri. Tatizo liko kwenye siku ya kwanza yenyewe, na hapa najitolea mfano. Baada ya masika ya mwaka juzi nilirudi na kilomita nane, kwa sababu nane ndiyo niliyoiachia. Nilimaliza. Halafu kwa siku nne nilikuwa nashuka ngazi za ofisini kinyumenyume, nimeshika ukuta, na mlinzi ananipa pole kama nimefiwa. Sikukimbia tena kwa mwezi mzima. Nilijiambia nimekosa ari, na ukweli ni kwamba nilikuwa na akili timamu kabisa: nani anarudi kwa hiari mahali alipopigwa?

(Maumivu yale, kwa njia, si "asidi iliyoganda". Laktiki inayozalishwa unapokazana huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi. Kinachouma kesho na keshokutwa ni michubuko midogo ya nyuzi za misuli na mwili kuishughulikia. Hufikia kilele kati ya saa 24 na 72, na mara ya pili huwa nafuu sana. Ila ukiona mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, hiyo si michubuko ya kawaida. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.)

Panteleimon Ekkekakis, mwanasaikolojia wa mazoezi, ametumia miaka mingi kuchunguza jambo dogo ambalo makocha wengi hulipuuza: mtu anajisikiaje wakati anafanya zoezi, si baada ya kuoga. Picha inayojitokeza ni kwamba mwendo ukiwa wa wastani watu wengi hujisikia vizuri, na ukivuka ile hatua ambapo pumzi inaanza kukatika, karibu kila mtu huanza kujisikia vibaya. Mwili unaiandika hisia hiyo. Kesho alfajiri ukilala hapo unajadiliana na nafsi, unayejadiliana naye ni kumbukumbu ya jana.

Utajuaje umevuka? Huhitaji saa ya laki tano. Tuliosoma shule za msingi za hapa tulipewa kipimo bure: mchakamchaka. Kiongozi anaanzisha, kundi linaitikia huku linakimbia. Ukishindwa kuitikia, unakwenda mbio kuliko uwezo wako wa leo. Ukikimbia peke yako, jaribu kusema sentensi nzima kwa sauti. Watakaokushangaa waache washangae. Wiki mbili za mwanzo, mwendo ni huo, na umbali uwe nusu ya ulioachia au hata chini yake. Kutembea kunahesabika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na katika mwongozo wake wa 2020 liliondoa sharti la zamani kwamba mazoezi yasiyofika dakika 10 kwa mkupuo hayahesabiki. Kwa hiyo kushuka daladala kituo kimoja kabla ya chako si kujidanganya.

Tumefika kwa mpangaji. Anatolewaje?

Mwaka 2002 Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran walichapisha jaribio walilofanya Uingereza kwa wanafunzi 248 wa chuo. Waliwagawa makundi matatu. Kundi moja liliachwa lilivyo. La pili lilipewa maelezo ya kutia ari: mazoezi yanavyokinga moyo, hatari ya kubweteka, na kadhalika. La tatu lilipewa maelezo hayo hayo, ila kila mmoja akaandika pia siku gani, saa ngapi na wapi atafanya angalau dakika 20 za mazoezi wiki inayofuata. Walioachwa walivyo, asilimia 38 walifanya. Waliotiwa ari, asilimia 35. Walioandika siku, saa na mahali, asilimia 91.

Soma tena namba ya kati. Wale waliotiwa ari waliikubali kweli, nia yao ilipanda kwenye dodoso. Miguu yao haikupata habari. Ni wanafunzi, ni wiki moja, ni mara moja tu ya dakika 20, kwa hiyo tusiligeuze jaribio hilo kuwa msahafu. Lakini kila nikiona video ya mtu anafoka juu ya mlima naikumbuka hiyo 35.

Kinachofanya kazi hapo ni kwamba uamuzi umeshafanywa kabla ya alfajiri. Alfajiri si saa ya kuamua. Saa hiyo akili ni wakili wa kitanda. "Nitaanza mazoezi wiki ijayo" ni maneno tu. "Jumanne na Ijumaa, nikitoka msikitini alfajiri, sirudi ndani, nanyoosha mpaka kituo cha mafuta na kurudi" hayo ni mazoea yanayoanza kuota. Ukiwa na kitu ambacho tayari unakifanya kila siku bila kushurutishwa, swala, kumpeleka mtoto kwenye basi la shule, kufungua genge, kifungie zoezi hapo hapo, kama anayefunga mtumbwi kwenye gati iliyopo badala ya kujenga gati yake.

Na ukikosa siku? Hapa ndipo zile siku 21 zinapoleta madhara. Chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Pua mpya, si mbio za asubuhi. Maneno yalipokuwa yanasafiri mdomo kwa mdomo, "angalau" ikaanguka njiani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipolipima jambo lenyewe kwa watu 96, katika utafiti waliouchapisha mwishoni mwa muongo wa 2000, mtu wa katikati alichukua siku 66 kufika mahali ambapo jambo jipya linajiendea lenyewe. Wengine walikadiriwa siku 18, wengine 254, na waliochagua mazoezi walichelewa kuliko waliochagua kunywa maji. Jambo zuri zaidi ni hili: kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana.

Kinachoharibu ni siku ya pili, ile unayosema "si nimeshaharibu, nitaanza tena tarehe moja". Wachumi na wanasaikolojia wakiongozwa na Katherine Milkman walichapisha mwaka 2021 jaribio kubwa lililohusisha wanachama zaidi ya 61,000 wa mtandao mmoja wa majimu Marekani. Mbinu 54 zilipimwa kwa wiki nne kila moja: ujumbe wa simu, zawadi, bahati nasibu, maneno matamu. Wataalamu walioombwa kutabiri ipi itashinda walibahatisha vibaya. Iliyoshika nafasi ya kwanza ilikuwa zawadi ya ziada, pointi zenye thamani ya senti 9 za Marekani, anayopewa mtu akirudi baada ya kukosa siku aliyoahidi. Kama shilingi 200 za wakati ule. Hakuna anayekwenda jimu kwa ajili ya bei ya andazi. Zawadi ile ilikuwa inasema tu: ulikosa, tulijua utakosa, karibu tena. Mahudhurio yalipanda kwa asilimia 27 kuliko ya wasiopewa kitu.

Ila lazima niseme na upande wa pili. Wiki nne zilipokwisha, mbinu nyingi sana ziliyeyuka. Asilimia 8 tu ya zile 54 ziliacha mabadiliko yanayopimika baadaye. Ukiondoa kamba, mtumbwi unachukuliwa na maji. Kwa hiyo anayekuuzia njia ya kupata ari "ya kudumu" kwa wiki nne, mwambie asante.

Raba mpya? Nunua kama za zamani zimetoboka. Zitakupa hamasa ya siku kumi, na siku kumi si haba kama saa na mahali umeshaviandika. Koti la nailoni ambalo watu huvaa Coco Beach ili "kuchoma mafuta" ni hasara tupu. Jasho ni kiyoyozi cha mwili. Kilo inayopungua kwenye mzani ni maji, utayarudisha kwenye dafu la kwanza, na katika joto la Dar la Februari unaweza kuanguka kweli. Uvivu, nao, silikatai neno, lakini sijawahi kuona aliyepona kwa kuitwa hivyo.

Wapo ambao wasianze na ushauri wowote wa hapa kabla ya kumwona daktari: mwenye presha au sukari isiyotulia, anayepata maumivu ya kifua akipanda ngazi, aliyetoka kuugua sana. Na kama hamu imepotea kwa kila kitu, si mbio tu, bali chakula, marafiki, hata mpira, na imepita wiki mbili, hiyo yaweza kuwa sonona. Inatibika, na haitibiwi kwa kukimbia peke yake.

Swali la yule mama lilikuja kupata jibu, ingawa si kwenye kundi. Alimpigia simu. Kumbe mwenzetu alikuwa akikimbia na jirani yake, mtumishi wa serikali, aliyekuwa anagonga geti lake kila asubuhi. Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani jirani alihamishiwa Dodoma. Sote tulidhani ni mfungo, na hata yeye alidhani hivyo. Mama akamwambia atakuwa anapita pale getini Jumanne na Jumamosi saa kumi na moja na nusu, na kwamba yeye hakimbii, anatembea, magoti hayataki.

Hii ni wiki ya tano. Jamaa analalamika kwamba mama anatembea polepole mno na anasalimia watu wengi. Jumamosi iliyopita waliingia darajani, wakafika katikati, wakageuza, kwa sababu mama ana genge na nyanya zake hushushwa saa moja.